PUA IKINYAMAZA

Sehemu ya Kumi na Moja

Tuliachana mkono wa Mama Saba ukiwa kwenye gurudumu la koki, tena lile jekundu, na shemeji yake yuko chini ya shimo anaita, "Lete maji." Najua mlichofanya wiki nzima. Mmebishana. Nusu yenu mmesema hawezi, mwanamke yule ana huruma. Nusu mmesema amkomeshe. Basi nyie wa huruma, poleni sana.

Alifungulia.

Alizungusha nusu tu, kama mtu anayeongeza moto kwenye jiko la mafuta. Bomba likakohoa, likatema shimoni. Hayakuwa maji.

Kwa uliyechelewa kuingia kwenye mkasa huu, nitasema haraka maana mtu yuko shimoni. Kiwanda hiki ni cha ngozi, na maji yake machafu ni ya namna mbili. Kuna yale ya mapipa ya kunyonyolea manyoya, meupe kwa chokaa na makali kwa dawa. Na kuna yale ya mapipa ya kuivishia ngozi, ambayo ni tindikali tupu. Ukiyamwaga mtoni yalivyo, yote mawili yanaua samaki. Lakini ukiyapuliza hewa yale ya chokaa mchana kutwa, kisha ukayachanganya na tindikali kidogo kidogo kwa kipimo, haya yanavunja ukali wa yale. Kazi ya Mama Saba ilikuwa kuchovya karatasi na kungoja igeuke kijani. Hapo alipaza sauti, "Saba," namba ya katikati ya kipimo, yaani maji hayachomi huku wala huku, na ndiko jina lake lilikotoka.

Ila chini ya shimo la kuchanganyia hubaki tope, na tope lile limeshika dawa ambayo hewa haikuifikia. Tindikali ikiligusa, hutoka hewa inayonuka yai viza. Hewa hiyo haina utani na mtu.

"Shemeji," sauti ilipanda kutoka chini. "Umekosea. Hiyo siyo ya maji."

"Sijakosea."

Beleshi liligonga ukuta wa shimo, likanyamaza.

"Funga basi, tuongee."

"Nimeshafunga. Haya, ongea."

Ni kweli alikuwa amefunga. Alijua nusu mzunguko unamtisha mtu na mzunguko mzima unamzika, na yeye alitaka maneno kwanza. Ngazi alikuwa ameivuta juu zamani. Ililala sakafuni kando ya mfuniko, inachuruzika tope.

Mnyapara alitazama juu. Wote kiwandani walimwita hivyo hivyo, Mnyapara, na alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wa Mama Saba. Kina cha shimo kilikuwa cha watu wawili waliobebana mabegani. Kutoka huko chini alimwona mke wa mdogo wake kichwa na mabega tu.

"Unataka nini, shemeji?"

"Nataka useme kwa mdomo wako ulichomfanyia ndugu yako."

Miaka mitano nyuma magurudumu yale hayakuwa na rangi. Yalikuwa mawili, pacha, kutu tupu. Wafanyakazi waliyatambua kwa vitambaa: chekundu kilifungwa kwenye tindikali, cheupe kwenye maji safi. Maandishi ya ukutani hakuna aliyeyasoma. Mtu alitazama kitambaa, akafungulia.

Siku hiyo mzoa tope yuko shimoni, akaita maji ya kusukumia tope. Mume wa Mama Saba akafungulia koki aliyodhani ni ya kitambaa cheupe, na iliyotoka ni tindikali. Walikufa wote wawili. Mnyapara ndiye aliyewaambia wakubwa kuwa mdogo wake alikuwa amelewa.

Amelewa. Mtu ambaye hata soda ilimpa kiungulia.

Mama mkwe alikataa mwanawe azikwe karibu na baba yake, akasema mlevi aliyeua mtoto wa mwenzake akalale mbali. Binti wa marehemu, aliyekuwa na miaka minne wakati ule, leo ana tisa na shuleni anaitwa mtoto wa mlevi. Mwezi uliopita alimuuliza mama yake, "Baba alikuwa anakunywa nini?" Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani, jina la mumewe lisafishwe, na aliapa atakayesimama njiani atamkanyaga.

Juzi ndipo alipofungua kabati la Mnyapara kutafuta ufunguo, akakuta chini ya taulo vitambaa viwili vimefungwa fundo moja. Mtu hafichi kitambaa miaka mitano bure. Nafasi ya unyapara waliigombea ndugu wawili, na aliyebaki hai ndiye aliyeipata. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea. Akavitia mfukoni mwa aproni, na humo ndimo vilimokuwa hadi dakika hii.

"Ulivibadilisha vile vitambaa," alisema.

"Sikuvibadilisha."

"Nimevikuta kabatini kwako."

Mnyapara alipojibu, alikuwa na sauti ya mtu aliyefumaniwa.

"Ulivikuta?"

"Ninavyo hapa."

"Vichome moto, shemeji. Usiviangalie. Vichome tu."

Sasa wewe uliye na akili zako, mtu akikuambia hivyo ungeelewaje? Mama Saba alielewa kama ambavyo ungeelewa wewe. Alizungusha gurudumu nusu nyingine, akahesabu hadi tano, akafunga. Kikohozi kilipanda juu, kirefu, kikavu, cha kukwaruza.

"Inanukaje huko?" aliuliza.

"Inanuka."

"Vizuri. Ikiacha kunuka uniambie."

Msimwone mkatili bure. Maneno hayo aliyafundishwa na huyo huyo aliye chini. Wiki tatu baada ya mazishi Mnyapara alimtafutia kazi ya kupima maji, akamsimamisha kando ya shimo hili na kumwambia, "Yai viza likinuka, cheka, upo hai. Pua ikinyamaza, kimbia. Hewa haijaisha, wewe ndiye unayeisha." Wakati ule Mama Saba alidhani ni wema. Tangu juzi alijua ni hatia inayomwasha mtu usingizini.

"Sema."

"Nikisema utanitoa?"

"Sema kwanza."

Mlango wa bati ulilia. Mama Saba aliinuka haraka, akapangusa mikono kwenye aproni.

Aliyeingia ni mlinzi wa getini, yule wanayemwita Redio kwa sababu haizimwi.

"Mama Saba, mkaguzi amefika. Alisema saa nane, mtu saa saba na nusu yuko getini na kalamu mfukoni. Hawa watu wakisema watachelewa wanawahi, wakisema watawahi hawaji. Mnyapara yuko wapi?"

"Ameenda chooni."

"Tena? Yule mtu na tumbo lake wana ugomvi." Redio alinusa. "Leo mmelichokoza shimo."

"Ndiyo kazi yetu."

"Na hiyo ngazi mbona iko juu?"

"Naiosha. Mkaguzi asikute tope."

Redio alisogea. Viatu vyake vilisimama shibiri moja kutoka mdomo wa shimo, na mfuniko ulikuwa wazi nusu. Kikohozi kimoja tu. Neno moja tu, "Nisaidie," na mambo yameisha, yeye atatoka hapo na pingu. Alingoja. Redio alikuna shingo, akalalamikia jua, akalalamikia mshipa wa goti lake la kushoto.

Shimoni hapakutoka hata pumzi.

"Mpeleke mkaguzi kule kwenye madimbwi ya kutuliza tope," Mama Saba alisema. "Muonyeshe yote sita, taratibu. Mnyapara atawakuta huko."

"Kule mwisho wa kiwanja? Na goti hili?"

"Mzee wangu, nisaidie."

"Ukiniita mzee wangu nafanyaje sasa," alisema Redio, akaondoka huku bado anaongea. Kipulizia hewa cha tangi la chokaa kilikuwa kinanguruma nje, kikaimeza sauti yake.

Mama Saba alipiga magoti mdomoni mwa shimo. Mnyapara alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, mkono wake mwenyewe kaujaza mdomoni. Alikuwa ameung'ata ili asikohoe. Aliutoa, na meno yalikuwa yameacha alama.

"Kwa nini hukupiga kelele?"

"Angekuona."

"Angeona nini?"

"Ngazi juu, koki mkononi. Wangekufunga, shemeji. Mtoto angebaki na nani? Na bibi yake yule?"

"Usijifanye mtakatifu leo. Ndugu yako ulimmaliza, mimi unanionea huruma?"

Mnyapara aliegemeza kichwa ukutani. Alifumba macho kidogo, akafumbua. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba gunia mbali sana, na sasa anatafuta pa kulitua.

"Vitoe hivyo vitambaa," alisema.

"Si umesema nisiviangalie?"

"Sasa viangalie. Halafu niambie kipi chekundu."

Mama Saba aliingiza mkono mfukoni. Juzi alivichukua kwenye giza la kabati, akavificha haraka, hakuwahi kuvikunjua. Fundo lilikuwa limekaza. Alilifungua kwa meno. Jua la saa saba lilipita kwenye bati la kioo juu ya paa, likaangukia viganja vyake.

Vyote viwili vilikuwa vya waridi, rangi moja, kama ufizi wa mtoto mchanga.

"Hiki kimepauka," alisema. "Ndicho kilikuwa chekundu."

"Kipi?"

Alivigeuza. Alivibadilisha mkono huu na ule. Hakuweza. Kisha kidole gumba chake kikapita kwenye upindo wa kimoja, na kidole kiliufahamu upindo ule kabla ya macho. Aliushona yeye. Ilikuwa nepi ya binti yake, aliyoichana mwenyewe alipoambiwa na mumewe, mke wangu, nipatie kipande cheupe cha kazini. Nepi ile ilikuwa nyeupe. Nani aliitia waridi?

Hapo ndipo Jumamosi ile ya kabla ya msiba ilipomrudia yote, na hakuiita.

Mumewe alirudi na ovaroli lake, na mfukoni mna vitambaa viwili vimeshika grisi hata rangi zake hazionekani. Mume alisema tu, "Hivi navyo, ukipata nafasi." Yeye alivichemsha kwenye sufuria moja, kwa sabuni na magadi, kwa pamoja. Chekundu kikachuja. Alikumbuka maji yalivyogeuka kama sharubati, na jinsi alivyocheka. Akavianika, akavipiga pasi, akavikunja vizuri, akavirudisha mfukoni mwa ovaroli. Alitaka vitu vya mume wake ving'are, watu wajue ana mke.

"Jumatatu alikuja navyo," sauti ya chini iliendelea, polepole, maneno yakitafutana. "Nikamwambia, ndugu yangu, hivi sasa utavijuaje? Akacheka. Akasema mke wangu kanitakasia hadi koki. Akavifunga kwa kukisia. King'ora kikalia, kila mtu akaenda kwake. Mimi kaka mkubwa sikumzuia. Hilo ndilo langu, na ninalo kila siku."

"Muongo."

"Mzoa tope alipoanguka, yeye aliruka ndani kumtoa. Mimi nilisimama hapo ulipopiga magoti. Sheria unaijua, anayemfuata aliyeanguka hafiki juu. Nilimpigia kelele atoke. Hakutoka, alikuwa anamwinua mwenzake. Akanitazama, akasema, kaka, usimwambie mke wangu. Basi."

"Nyamaza."

"Wangeuliza vitambaa vimefanywa nini, halafu wangeuliza nani kavifua. Ulikuwa na mtoto wa miaka minne. Nikasema alilewa. Maiti hafungwi, shemeji."

Mama Saba alitaka kumchukia. Alijaribu kwa nguvu zote, lakini ile chuki aliyoilisha miaka mitano ilikosa pa kukaa. Alikuwa amemtafuta muuaji wa mumewe kila mahali, kwenye makabati ya watu na kwenye macho ya watu, na kumbe alikuwa akimwona kila asubuhi kwenye kioo akichana nywele. Aliona aibu, aibu ya kumchoma ngozi. Akatamani ardhi ipasuke, na ardhi ilikuwa imeshapasuka, na ndani yake kuna mtu aliyenaswa humo na yeye mwenyewe.

"Shemeji," Mnyapara aliita.

"Nipo."

"Ile harufu."

"Imefanyaje?"

"Imeisha."

Alilisema kwa upole tu, kama mtu anayekuambia chumvi imekwisha jikoni. Wote wawili walijua maana yake.

Mama Saba aliikamata ngazi, akaishusha. Iliteleza kwa tope, ikampiga kifundo cha mkono, akaishusha tena. "Panda," alisema. "Panda, shemeji, nakushika." Mnyapara aliinuka kwa kushika ukuta. Alipanda daraja la kwanza. Alipanda la pili. Kwenye la tatu mkono wake ulifunguka wenyewe, akarudi chini taratibu, akalala kifudifudi, uso kwenye tope.

"Shemeji." Kimya. "Mnyapara." Kimya. "Kaka," alisema mwisho, jina ambalo mumewe alimwita. Hakuitika jina lolote.

Alipiga yowe la kumwita Redio. Kipulizia hewa kikalimeza. Na Redio hata angekuwa na masikio ya sungura asingesikia, yuko mwisho wa kiwanja kwenye madimbwi, na aliyempeleka huko ni nani? Muonyeshe yote sita, taratibu. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu hakungoja hata saa ipite.

Barakoa ya kujikinga ilikuwepo, moja, imetundikwa ukutani inang'aa. Kichujio chake kilikufa mwaka juzi. Ilitundikwa kwa ajili ya wakaguzi, na wakaguzi waliipenda sana.

Alibaki amesimama mdomoni mwa shimo, pale pale Mnyapara aliposimama miaka mitano nyuma, na sheria ikawa ile ile. Usimfuate aliyeanguka. Mtoto anatoka shule saa tisa. Na huyu aliyelala ndiye mtu pekee duniani aliyeshuhudia kuwa mumewe hakulewa, kuwa aliruka humu kumwokoa mwenzake. Akifa, marehemu atabaki mlevi hadi kiyama, maana shahidi ni mmoja. Akipona, siku moja atasema, na binti atajua nani alichemsha vile vitambaa.

Aliweza kufunga mfuniko. Msiniambie hakuliwaza, aliliwaza. Aliliwaza kwa muda wa kupepesa jicho, akauona mkono wa Mnyapara pale chini umefunguka juu ya tope, na alama za meno ziko juu yake bado.

Alijaza kifua hewa, akaifungia humo, akashuka.

Daraja la kwanza, la pili, la tatu. Tope lilimpokea hadi magotini. Alimshika Mnyapara kwenye kola, akaugeuza uso wake juu, akampangusa pua kwa kiganja. Mtu alikoroma. Yu hai. Mama Saba alivua aproni, akaipitisha chini ya makwapa yake, akaifunga kwenye ngazi ili asizame tena. Kifua kilianza kumuuma. Alivuta. Mtu mzima mwenye mabuti ya mpira yaliyojaa tope ni mzito kuliko dhambi. Alivuta tena. Alipanda naye daraja moja, wakarudi wote wawili.

Macho yalianza kuona nyota. Hapo ndipo aliposikia viatu juu yake, na sauti ile isiyozimwa.

"Madimbwi tutayaona baadaye, mheshimiwa, goti langu limekataa. Na hili hapa ndilo shimo lenyewe la kuchanganyia. Sasa huyu Mama Saba kaenda wapi na mfuniko wazi? Ngoja nikufungie, usije ukatumbukia."

Mfuniko wa chuma ulianza kukwaruza sakafu. Jua la shimoni likapungua nusu, likapungua tena.

Neno moja tu lilitosha. Mnyapara alikuwa nalo muda wote ule na alilimeza kwa ajili yake. Sasa ni zamu ya Mama Saba kulitoa, ila ili mtu apige kelele ni lazima kwanza avute pumzi.

Akavuta. Alivuta kwa pua, ndefu, hadi mwisho, akalingoja lile yai viza.

Hakusikia harufu yoyote.